Mkalimani wa Kisanduku cha Bi Mwatumu

Sogeeni, mnaosikia kwa masikio na mnaosikia kwa macho, niwape habari za Uwazini kama Fundi Rehani alivyozileta. Sitawachosha kwa safari. Njia ya kwenda huko ni ndefu, ina vumbi, na kila aliyeipita huisimulia kwa kujisifu. Mimi naiacha hapo hapo ilipo. Yatosha kujua kwamba Rehani alifika na vitu viwili: kisanduku kilichofungwa ndani ya kanga kuukuu, na mama yake mzazi.

Mama huyo aliitwa Bi Mwatumu, na alikuwa hasikii tangu utotoni. Maneno yake yote yalikuwa mikononi. Alizaa watoto wawili, Rehani na Shufaa, nao walijua kusema kwa vidole kabla hawajajua kusema kwa mdomo. Shufaa alipokua akaolewa ng'ambo ya mlima, akapata kazi katika kituo cha televisheni cha huko. Kila siku saa kumi na moja jioni alisimama kando ya msomaji na kueleza hali ya hewa kwa lugha ya ishara. Kisha wakubwa wa pande mbili za mlima wakagombana kwa jambo ambalo leo hakuna anayelikumbuka vizuri, mpaka wa nchi hizo ukafungwa, na Bi Mwatumu akabaki na njia moja tu ya kumwona bintiye. Njia yenyewe ilikuwa kisanduku kile, kwa sababu mtaa mzima hapakuwa na kingine kilichoweza kunasa mawimbi ya ng'ambo.

Shufaa naye alikuwa na mchezo wake. Akishamaliza mvua na upepo, kabla picha haijakatwa, aliongeza ishara moja ndogo isiyohusu hali ya hewa hata kidogo: Mama, umekula? Na Bi Mwatumu, amekaa zake mkekani, humjibu pale pale kwenye kioo: Nimekula. Alijibu hivyo kila siku, hata siku ambazo hajatia kitu mdomoni, maana hakutaka mtoto apate wasiwasi.

Televisheni ya zamani ikafa. Zikaja mashine mpya, nzuri, zilizofuata desturi za Uwazini, lakini ukiziunganisha na kisanduku kile zilikitazama tu. Hazikujua lugha yake. Waliokitengeneza walikuwa mafundi wa mbali, walishafunga kiwanda na kuondoka na kamusi yao. Kioo kikakaa giza miezi kumi na mitatu. Katika miezi hiyo Bi Mwatumu akaanza kujikwaa kizingitini na kumwaga chai nje ya kikombe, na Rehani akampeleka kwa daktari. Daktari akasema ni presha ya macho, tena imechelewa kugunduliwa. Mwanga uliobaki ni wa miezi, si wa miaka. Rehani alirudi nyumbani, akakaa na kisanduku kile usiku na mchana, akakiuliza neno moja moja na kuandika kilichojibu, hadi akawa na daftari zima la lugha yake. Kisha akakifunga kanga, akamshika mama yake mkono, wakaondoka.

Uwazini ni nchi isiyo na makufuli. Nyumba zina milango, lakini milango ile ni ya kuzuia kuku tu. Kila kinachotengenezwa huko ni cha kila mtu: ukikipenda, kichukue, ukikiona kibovu, kitengeneze, ukishakitengeneza, waonyeshe wenzako ulivyofanya. Rehani alitoka mtaa ambao hata ndoo ya maji huandikwa jina la mwenyewe. Siku mbili za kwanza alitembea ameukumbatia mfuko wake. Siku ya tatu akaona aibu, akauacha kwenye benchi la nyumba ya wageni, na jioni akaukuta pale pale, umeshonwa mshipi uliokuwa umekatika.

Katikati ya mji ipo Nyumba Kuu. Humo wanakaa wakalimani, na kila mmoja anajua lugha ya chombo chake: yupo wa kamera, yupo wa kipaza sauti, yupo wa mashine ya kuchapa ambayo haijawahi kuonekana na mtu yeyote aliye hai. Mashine ya mbali ikichomekewa chombo, huuliza Nyumba Kuu: yupo anayemfahamu huyu? Akiwepo, picha inakuja. Asipokuwepo, ni giza. Kuingiza mkalimani ndani ya Nyumba Kuu hakukatazwi kwa mtu yeyote, awe mwenyeji au mgeni. Hilo ndilo linalowavutia wageni, na hilo hilo ndilo linalowaliza.

Maana ipo Kamba. Kamba hiyo inaanzia mlangoni pa Nyumba Kuu, inazunguka mji mzima kwenye nguzo, na inarudi pale pale. Kazi yoyote unayotaka ipokelewe lazima uianike juu yake kwa vibanio, karatasi baada ya karatasi, kama nguo za mtoto mchanga. Mpita njia yeyote ana haki ya kuisoma na kubana maoni yake chini yake. Kila mtu ana haki hiyo. Hakuna mwenye wajibu. Kazi nyingine hupata maoni mia mbili kabla ya chai ya asubuhi. Nyingine hunyeshewa mvua mpaka wino unatoka, na mwenye kazi hajui kama alikosea au hakuonekana tu.

Mwenyeji wa Uwazini anaposema jambo kwa mdomo, wenzake humtazama kwa huruma. Watu wawili waliokaa benchi moja, magoti yanagusana, wataandikiana na kubana kwenye Kamba, kwa kuwa lililosemwa bila kuanikwa halikusemwa. Bi Mwatumu aliwatazama kwa muda mrefu siku ile ya kwanza, akamgeukia mwanawe.

"Hawa hawana mikono?" akauliza kwa vidole.

"Wanayo, mama. Wanaandikia."

"Basi wamefanana na mimi," akasema, "ila wao wamejitakia."

Rehani akaanika kazi yake, lile daftari la lugha ya kisanduku, ambalo likipokelewa ndilo litakalokuwa mkalimani wake. Maoni ya kwanza yakaja kabla hajashuka kwenye ngazi. Yalitoka kwa Bwana Chipeta, mtu mwembamba aliyetembea na rula ya mbao mfukoni, na kazi yake ilikuwa kupima nafasi kati ya ukingo wa karatasi na neno la kwanza. Aliandika hivi: "Mistari imeanza vidole viwili kutoka ukingoni. Desturi ni vidole vinane. Sijasoma kilichoandikwa."

Rehani akaandika upya daftari zima, vidole vinane. Akaanika. Yakaja maoni mengine: kazi ni kubwa mno, aikate vipande kumi na kimoja, na kila kipande kiweze kusimama peke yake bila kuivunja Nyumba. Akaikata. Kisha ukazuka mjadala juu ya jina la mkalimani, na mjadala huo ukaenda siku sita. Upande mmoja ulitaka aitwe kwa jina la kiwanda, wa pili kwa namba iliyogongwa chini ya kisanduku, na mtu mmoja asiyejulikana alibana karatasi iliyosema kwamba suala la majina lilijadiliwa miaka tisa iliyopita na wote waliokuwa sahihi wamekwisha kufa. Siku ya saba mtu mwingine akauliza kwa upole kwa nini mgeni asitupe kisanduku hicho na kutafuta kipya.

Rehani aliposoma hiyo, alirarua karatasi iliyokuwa mkononi mwake. Alikuwa mtu mtulivu, fundi wa redio, aliyezoea kukaa saa nzima akitafuta waya mmoja. Lakini siku hiyo alienda nyuma ya nyumba ya wageni akalia, na hakujificha sana. Bi Mwatumu alimkuta huko.

"Wamesema nini?"

"Wamesema tukitupe."

"Waambie mimi pia ni mkuukuu," akasema. "Halafu njoo unisaidie kutafuta kikombe changu, nimekiweka mahali na siwezi kukiona."

Kikombe kilikuwa mbele yake, hatua moja. Rehani alikiokota akampa, akarudi kwenye Kamba.

Nisiwaonee watu wa Uwazini. Lipo jambo ambalo Rehani alilipenda mpaka mwisho, nalo ni Kiunzi. Zamani kila mkalimani aliingia Nyumba Kuu na adabu zake. Mmoja ukitaka abadili stesheni ulimgusa bega, mwingine ulimpigia makofi, wa tatu ulimwandikia barua na kungoja. Mwenye nyumba akinunua kisanduku kipya ilibidi ajifunze adabu mpya. Ndipo wakakaa wakatunga Kiunzi, yaani maswali saba, yale yale kwa kila mkalimani na kwa mpangilio ule ule. Wewe ni nani? Unaweza nini? Unasikiliza wapi sasa? Mawimbi yana nguvu gani? Picha ina upana gani? Uko tayari? Ukiambiwa simama, utasimama? Anayejibu saba hayo anaeleweka na mashine yoyote, popote, hata na mashine ambayo bado haijatengenezwa. Na ipo sheria juu yake ambayo hata Chipeta haipimi kwa rula: aliyekuwa anaona jana, mabadiliko yenu ya leo yasimtie gizani. Rehani aliposomewa sheria hiyo aliomba asomewe tena.

Tatizo ni kwamba Viunzi vilikuwa viwili. Cha kwanza kilitungwa kwa picha za zamani, zinazosafiri kwa wimbi moja refu, na mlezi wake alikuwa Mzee Lukindo. Cha pili kilitungwa kwa picha za siku hizi, zinazokatwa vipande vidogo na kuunganishwa zikifika, na mlezi wake alikuwa Bi Nyamizi. Kisanduku cha Bi Mwatumu kilijua zote mbili, na ilibidi kizijue, kwa kuwa kituo cha ng'ambo kilikuwa hakijaamua: siku nyingine kilirusha kwa wimbi, siku nyingine kwa vipande. Kilikuwa na midomo miwili, lakini sikio la kunasia mawimbi lilikuwa moja. Na Uwazini nzima ilikuwa haijakubaliana sikio la namna hiyo likae kwa nani.

Rehani alikwenda kwa Mzee Lukindo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," akasema Lukindo, kisha akakumbuka desturi, akaandika: Kazi nzuri. Lakini kwa kuwa kisanduku hiki kinajua vipande, kipelekwe kwa Bi Nyamizi.

Bi Nyamizi alikuwa chumba cha pili, ukuta mmoja. Naye alisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika: Kazi nzuri sana. Lakini kwa kuwa kinajua wimbi, kirudishwe kwa Mzee Lukindo.

Rehani aliuliza kwa nini wasiulizane wenyewe. Akaelezwa kwamba wanaulizana kila wiki. Lukindo hubana swali lake kwenye Kamba upande wa mashariki, Kamba huvutwa taratibu kuuzunguka mji, na siku ya tatu swali humfikia Nyamizi upande wa pili wa ukuta. Naye hujibu, na jibu humaliza mzunguko. Walikuwa wamefanya hivyo kwa miaka kumi na mmoja, na hawajaonana uso kwa uso. Zamani walikuwa marafiki wakubwa, walioandika mengi pamoja kwa kalamu moja. Walikosana kwa ajili ya sikio. Lukindo aliona kuwa aliyetangulia ndiye mwenye haki. Nyamizi aliona kuwa mwenye kazi ya leo ndiye mwenye haki. Hoja zote mbili zilikuwa nzuri, na ndiyo maana hazikuisha.

Hapo zilikuwa zimebaki siku mbili. Sijawaambia: Nyumba Kuu haina mlango wa kupitishia kazi, ina dirisha, nalo hufunguliwa siku kumi na nne tu kila baada ya wiki kumi. Likifungwa, aliye nje amekaa nje. Wiki kumi kwa Chipeta ni muda wa kunoa penseli. Rehani alimtazama mama yake akipapasa ukuta kutafuta mlango mchana kweupe, akajua kwamba wao hawana wiki kumi.

Jioni ile akaomba benchi la majaribio. Hilo lipo uani pa nyumba ya wageni, na ndipo mahali pekee ambapo mkalimani asiyepokelewa anaruhusiwa kufungua kinywa, ili watu waone kama anasema kweli. Rehani akaunganisha kisanduku, mashine na kioo. Bi Mwatumu akavuta kigoda karibu kabisa, pua inakaribia kugusa kioo. Saa kumi na moja ikafika. Picha ikaja.

Shufaa alikuwa amesimama pale pale alipokuwa akisimama miezi kumi na mitatu iliyopita. Alikuwa amevaa kilemba cha bluu. Akainua mkono kuanza mvua, na mkono haukufika. Kiunzi cha Lukindo kililivuta sikio upande wake kuuliza kama mawimbi yana nguvu, Kiunzi cha Nyamizi kikalivuta upande wake kuuliza vivyo hivyo, na kioo kikajaa chenga. Rehani akazima, akawasha. Nusu ya uso, kisha chenga. Akawasha tena. Chenga tupu. Saa kumi na moja ikapita.

Bi Mwatumu hakuondoka kwenye kigoda. "Amekonda," akasema kwa mikono. Kisha akaongeza, "Hakuniuliza."

"Ameuliza, mama. Sisi ndio hatukuona."

Akataka kujua ni nini kilichokata picha, na Rehani akamweleza yote: midomo miwili, sikio moja, marafiki wawili, ukuta. Alieleza kwa hasira, vidole vinagongana, na mara mbili mama yake alimshika mikono ili aende polepole kwa sababu haoni vizuri. Alipomaliza, bibi yule alimtazama mwanawe kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani zake hawajui kuvaa viatu.

Kesho yake, siku ya mwisho ya dirisha, alijifunga kanga vizuri, akaingia chumbani kwa Mzee Lukindo bila kubisha, akamshika kifundo cha mkono, akamtoa nje. Lukindo alijaribu kuandika, lakini mkono wa kuandikia ndio uliokuwa umeshikwa. Akaingia chumba cha pili, akamshika Bi Nyamizi kwa mkono uliobaki. Watu wa Kambani waliacha kusoma, na Chipeta aliangusha rula. Bi Mwatumu aliwapeleka wote wawili hadi ua wa nyumba ya wageni, akawaachilia mbele ya kinu.

Wale wawili walisimama wakitazamana, hawana karatasi.

"Miwani hiyo bado ni ile ile?" Bi Nyamizi akauliza. Sauti yake ilikuwa na kutu ya kutotumika.

"Ni ile ile."

"Ina ufa."

"Uliikalia wewe," akasema Lukindo.

Nyamizi akacheka kidogo, akajizuia, akashindwa kujizuia.

Bi Mwatumu hakungoja wamalize. Pale uani palikuwa na kinu kimoja na mchi mmoja, na wanawake watatu wa nyumba ile walikuwa wakitwanga humo kila siku, mmoja mahindi, mmoja kisamvu, mmoja karanga. Alichukua mchi, akatwanga mara tatu. Akamfanyia Nyamizi ishara aje atwange. Nyamizi akasogea, akanyoosha mikono, na bibi akaukumbatia mchi kifuani akakataa kuutoa. Kisha akatwanga tena mara mbili, akausafisha kwa kiganja, akauegemeza ukutani na kurudi nyuma. Akamwonyesha Nyamizi: sasa. Nyamizi akauchukua. Lukindo aliposogea, bibi alimpiga kofi dogo la mkono: ngoja, mchi hauko ukutani.

"Mama anauliza," akasema Rehani, "kinu hiki ni cha nani."

Wanawake watatu waliokuwa wakitazama kutoka jikoni walionekana kushangaa, kwa kuwa hawakuwahi kujiuliza.

Lukindo alivua miwani yenye ufa, akaifuta, akaivaa. "Sikio lisiwe langu," akasema taratibu. "Wala lako. Liwe na chumba chake, peke yake. Na mlangoni pake tuweke mchi."

"Anayelihitaji auchukue," akasema Nyamizi, "na akimaliza aurudishe ukutani."

"Na mwingine angoje."

"Na asiyerudisha je?"

Rehani akatafsiri swali kwa mama yake, naye akajibu bila kufikiri. "Anasema asiyerudisha ananyimwa uji."

Waliandika pale pale, juu ya kinu kilichopinduliwa, kwa kalamu moja, wakinyang'anyana na kusahihishana. Kurasa nne tu. Rehani aliziona, akashangaa kwamba miaka kumi na mmoja ilikuwa imetosha ndani ya kurasa nne. Saa kumi na moja wakawasha benchi. Shufaa akaja na kilemba cha njano, akaeleza mvua ya kusini, akaeleza upepo, na picha haikutikisika. Lukindo na Nyamizi, ambao waliandika sheria za picha maisha yao yote, walikuwa hawajakaa kutazama picha kwa miaka mingi. Walisimama nyuma ya kigoda cha bibi. Kisha Shufaa akatabasamu kidogo na kuongeza ishara ndogo.

"Hiyo ni mvua gani?" Lukindo akanong'ona.

"Hiyo si mvua," akasema Rehani. "Anamwuliza mama kama amekula."

Bi Mwatumu alikuwa amekwisha kujibu. Mikono yake ilibaki hewani mbele ya kioo hata baada ya picha kukatwa.

Dirisha lilikuwa linafungwa jua likizama, na sheria moja ilikuwa bado. Kazi haipokelewi mpaka mtu mwingine, asiye mwandishi, aijaribu na kuandika mwenyewe chini yake kwamba amejaribu na ameona. Chombo kilikuwa kimoja, na aliyekijaribu bila kuwa mwandishi alikuwa mmoja, Bi Mwatumu, maana Lukindo na Nyamizi nao walikwisha kuandika. Chipeta alikuja mbio, akatangaza kwa masikitiko ya kweli kwamba bibi hajui kuandika, na mwana hawezi kumwandikia mama. Akatoa karatasi ya kanuni. Bi Mwatumu alimtazama midomo yake, akamtazama mwanawe, akaelezwa. Basi akachovya kiganja chote cha kulia kwenye wino wa Nyamizi na kukibandika chini ya ukurasa wa mwisho.

Chipeta akainama na rula yake. Alipima kutoka ukingoni hadi kidole gumba, akapima tena. Watu wote wakamngoja.

"Vidole vinane," akasema. Rehani alikuwa amekaa karibu, akaona kwamba vilikuwa sita na nusu. Akazikusanya karatasi upesi, na Chipeta hakumtazama.

Pale dirishani aliyepokea karatasi aliuliza jambo la mwisho: ni nani mlezi? Kila mkalimani wa Nyumba Kuu lazima awe na mtu wa kumlea, atakayejibu maswali yote juu yake kwa muda wote atakaokuwa hai. Kama mlezi ni mtu wa mbali, huvutiwa uzi wa Kamba hadi mlangoni kwake. Rehani alisema ni yeye. "Hata kama kitabaki kisanduku kimoja?" mtu wa dirishani akauliza. "Hata kama kitabaki kimoja," akasema Rehani, akatia saini huku akicheka. Aliiona ni sheria ya watu wenye mashaka.

Wakarudi nyumbani. Rehani akaunganisha kisanduku kwenye mashine ya sebuleni, mashine ikauliza Nyumba Kuu kama yupo anayekifahamu, na alikuwepo. Kwa miezi minane Bi Mwatumu alikaa kwenye mkeka wake kila saa kumi na moja, akasogea karibu zaidi kila mwezi, na akajibu kila siku. Uzi wa Kamba ulileta maswali machache. Siku moja ulileta karatasi kutoka kwa mtu asiyejulikana, wa nchi isiyojulikana, aliyeandika tu kwamba naye anacho kisanduku kama kile, cha marehemu baba yake, na sasa kinaona. Rehani alimfasiria mama yake karatasi hiyo mara tatu, kwa sababu aliomba mara tatu.

Mwezi wa tisa alikaa mkekani kama kawaida, na saa kumi na moja ilipopita hakuinua mikono. Alimgeukia mwanawe. "Kioo kimezimika?" akauliza. Kioo kilikuwa kinawaka. Shufaa alikuwa ndio kwanza amemaliza.

Kesho yake Rehani alifunga duka lake mapema. Aliwasha kioo, akaketi mkekani akitazamana na mama yake, akachukua mikono yake miwili na kuiweka juu ya mikono yake mwenyewe. Shufaa alipoinua mkono kuanza mvua, Rehani akainua mkono, na mikono ya mama ikapanda pamoja na ya kwake. Mvua mashariki. Upepo wa wastani. Aliona mama yake akikunja uso, akifuata, akipotea, akifuata tena. Akamwuliza kwa kumgusa kiganjani: Uko tayari? Akajibiwa yuko tayari. Akaenda polepole, kitu kimoja kimoja, kwa mpangilio ule ule, kama alivyofundishwa na watu wa Uwazini, na akawa anawashukuru moyoni, pamoja na rula yao.

Mvua ikaisha na upepo ukaisha. Kwenye kioo Shufaa alitabasamu na kufanya ishara yake ndogo, na Rehani akaifanya kwa mikono yake, mikono ya mama ikiwa juu yake. Bi Mwatumu alitulia kabisa. Kisha akaitoa mikono yake, akageuza uso upande lilikotoka joto la kioo, na akamjibu bintiye: Nimekula.